Mama Usiruke na lango ambalo fundi aliapa halifunguki

Saa moja na nusu asubuhi, mlango wa mbele bado una komeo na pazia halijavutwa. Mwanamke mwenye miwani ya kamba anakaa mbele ya runinga ya mwisho upande wa kulia. Padi, kile kishikio chenye vitufe ambacho wachezaji hukishika kwa mikono miwili, yeye anailaza juu ya meza. Kisha anaanza kuibonyeza kwa vidole viwili vya shahada, taratibu, kama karani anayejifunza kupiga chapa.

Kwenye skrini, kijana aliyevaa koti refu anakanyaga daraja la mbao. Anavuka ubao wa kwanza, wa pili na wa tatu. Wa nne unakatika, na kijana anatumbukia mtoni.

"Haya, huyo naye kaenda na maji," anasema mwanamke huyo bila mshangao wowote. Ananyoosha vidole, anaanza upya.

Kufikia saa mbili kijana wa koti amezama mara nne. Mwanamke anainuka, anaondoa komeo, anapangusa padi nane kwa kitambaa chenye spiriti, kisha anakaa kwenye kiti cha mlangoni, saa ya mezani ikiwa mbele yake. Siku ya kazi imeanza.

Jina lake la kwenye vyeti analijua yeye, binti yake na mwajiri wake. Wengine wote mtaani wanamwita Mama Usiruke. Ana miaka hamsini na sita, ni mjane, na kazi yake ni kusimamia chumba cha gemu.

Chumba chenyewe si kikubwa, hatua tisa kwa tano, kimebanwa kati ya duka la kutoa nakala na karakana ya kuchomelea vyuma. Kina runinga nne, viti vya plastiki kumi na viwili, na feni inayogeukia upande mmoja tu, hivyo wanaokaa upande wa pili hutoka jasho wakiwa wamelipa bei ileile. Mashine ya kwanza na ya pili ni za mpira. Ya tatu ni ya ngumi na mateke. Ya nne, ile ya mwisho kulia, ni ya gemu zenye hadithi, na ndiyo iliyoleta maneno yote haya.

Sheria ya mashine tatu za mwanzo ni fupi: mshindwa anaachia kiti. Kwa sababu hiyo mashine moja ya mpira hupata watu thelathini hivi kwa siku. Mashine ya nne, hadi miezi michache iliyopita, ilikuwa ikipata watatu. Wakizidi sana, wanne.

"Anakuja mtu anakaa saa mbili peke yake, anatembea porini na koti lake," anasema mwenye chumba, ambaye ni mkwe wa Mama Usiruke na ana duka la simu barabara ya pili. "Mama namheshimu, lakini hesabu haijui heshima. Chumba cha gemu si maktaba."

Nusu saa ya kucheza inauzwa kwa bei ya nusu mkate. Mama Usiruke hulipwa kwa siku kiasi cha kununua kilo nne za sukari. Si nyingi, anakiri, lakini inamlipia chumba alichopanga na dawa ya vidole. Ana baridi yabisi kwenye mkono wa kulia, ndiyo maana padi huilaza mezani.

Jina la Usiruke lilitoka mdomoni mwake mwenyewe. Gemu yenye hadithi haimwachi mtu acheze mfululizo. Kila baada ya muda mapigano husimama, wahusika huanza kuzungumza, na mchezaji hana la kufanya ila kutazama. Lakini kuna kitufe cha kuruka. Ukikibonyeza, mazungumzo yote yanapotea na unarudi kwenye kupigana.

Hapa mtaani kila mtu alikuwa akikibonyeza. Wahusika wanazungumza Kiingereza cha harakaharaka, na saa ya mezani haisimami eti kwa sababu watu wa kwenye runinga wana maongezi. Aliyelipia nusu saa hataki kuimaliza akisikiliza shida za watu asiowajua.

Mama Usiruke alikuwa akiona dole gumba la mchezaji likijongea kwenye kitufe, naye husema kutoka mlangoni, "Usiruke." Hakuna aliyemsikiliza. Wakaruka, wakamwachia jina.

"Mimi nilitaka tu kujua wanasemaje," anasema. "Unapigana na mtu dakika ishirini, halafu akitaka kukwambia kwa nini mnapigana unamzima. Sasa huo ni ugomvi gani?"

Hamu hiyo haikuanzia kwenye gemu. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa opereta wa simu wa kampuni moja kubwa, na huko ndiko alikojifunzia Kiingereza cha kusikia haraka. Simu ikiingia, aliipokea, akaiunganisha, akasikiliza sekunde chache kuhakikisha pande zote mbili zinasikilizana. Baada ya hapo kanuni ilimtaka aondoe sikio lake.

"Kulikuwa na mama mmoja anapiga kila Ijumaa saa nne, anaomba uhasibu," anasimulia. "Mwanaume akipokea tu, yule mama anauliza, 'Amekubali?' Hapo mimi natakiwa nitoke. Miezi minane hiyo, kila Ijumaa, 'Amekubali?' Halafu akaacha kupiga. Mpaka leo nikiwa napika huwa najiuliza, jamani, alikubali au hakukubali? Na ni nani huyo?"

Anasema amesikia mianzo ya hadithi nyingi kuliko mtu yeyote anayemfahamu, na mwisho wa hata moja hakuusikia. Kisha kampuni ikanunua mtambo unaojipokelea simu wenyewe, bonyeza moja kwa huduma hii, bonyeza mbili kwa ile. Alipewa barua, mshahara wa mwezi mmoja, na vile visikilizio vyake vya kichwani ambavyo aliomba abaki navyo.

Alikaa nyumbani mwaka na nusu. Ndipo mkwe wake akafungua chumba cha gemu, akamtuma mkewe amuulize mama kama angependa kukaa mlangoni na kupima muda. Hakwenda kuuliza mwenyewe. Kwa jinsi walivyolelewa wote wawili, mtu na mama mkwe wake husalimiana, huulizana hali, na mambo mazito hupitia kwa binti.

Kati ya gemu za mashine ya nne, moja ilipendwa kuliko zote. Jalada lake lilipotea zamani, hivyo wateja wakaiita Daraja, na kijana wa ndani wakamwita Koti. Hata wasiotaka kusikia habari ya hadithi wanakubali kwamba uchezaji wake ni mtamu. Koti ni mwepesi, fimbo yake inatua pale unapotaka, na kila adui ana namna yake ya kukwepwa.

Koti anavuka daraja. Ng'ambo, katikati ya ukungu, anatokea mzee mwenye taa anayekuja mbio. Wachezaji wote walifundishana kumuua kwa fimbo mbili kabla hajafika. Baada ya hapo ni saa tatu za mapigano msituni, mpaka kwenye lango kubwa la chuma. Hapo hakuna kinachotokea tena.

Wa kwanza kufika langoni alikuwa mchomeleaji wa karakana ya jirani, mwanaume wa miaka thelathini na minne anayeitwa Dole kwa sababu ya kasi ya dole gumba lake. Kazi yake ni kutengeneza mageti. Siku hiyo aliongeza muda, akalizunguka lango, akalikagua juu hadi chini, akatoa hukumu ya fundi.

"Nikawaambia, hili halina bawaba," anakumbuka Dole. "Halina bawaba, halina reli, halina kitasa. Hili si geti, ni ukuta umetiwa sura ya geti. Kwa hiyo gemu imeishia hapa, msijisumbue."

Nani abishane na mtu aliyetengeneza nusu ya mageti ya mtaa? Dole akaandika jina lake ukutani kwa kalamu ya wino mzito, chini ya neno WALIOMALIZA. Katika miaka mitatu orodha ilifika majina thelathini na moja. Watu walitoka mitaa mingine kuja kuandikwa, na wapo waliopiga picha chini ya majina yao.

Kisha ikaja Jumanne moja ya mvua. Barabara ilijaa maji na hakuna mteja aliyetia mguu. Mama Usiruke aliwasha mashine ya nne, akaiacha Daraja ianze yenyewe, mikono yake ikiwa mapajani. Kwa mara ya kwanza ndani ya chumba kile mtu alitazama mwanzo wote, dakika sita.

Koti, kumbe, ni yatima aliyelelewa na kaka wa mama yake. Ametumwa kupeleka barua mjini, barua iliyofungwa kwa nta, na hata yeye hajui ina nini. Mjomba anamuaga na kumwambia atatangulia kwa njia nyingine. Atamngojea ng'ambo ya daraja akiwa na taa, kwa sababu lango la mji hufunguka kwa mwanga wa taa hiyo tu.

"Nikavua miwani, nikaipangusa, nikaanzisha upya nikatazama tena," anasema Mama Usiruke. "Nikasema, Mungu wangu, hawa watu miaka mitatu wanamuua mjomba wao."

Habari hiyo haikupokelewa vizuri. Kesho yake alimwambia Dole, naye akacheka, kisha akaacha kucheka, maana alitazama ukutani akaelewa inakoelekea. Kama mama huyu yuko sahihi, basi kati ya majina thelathini na moja hakuna hata mmoja aliyemaliza. Dole akamkumbusha, mbele ya watu, kwamba yeye mwenyewe hajawahi kuvuka hata daraja. Ilikuwa kweli, na Mama Usiruke hafichi kwamba ilimuuma.

Ubishi ulichukua siku tatu na ukavuka kuta. Katika duka la nakala wateja walisahau karatasi zao. Upande mmoja ulisema gemu bila hadithi ni kuwashwa mikono tu. Upande wa Dole ulisema gemu ni mikono, na anayetaka hadithi akasome kitabu.

"Mpira una hadithi gani?" Dole aliuliza, na swali hilo bado analiuliza. "Hakuna anayeniambia mshambuliaji amelelewa na nani. Nacheza. Na mechi ikiisha watu wanaihadithia wiki nzima. Hadithi tunaitengeneza wenyewe."

Mama Usiruke anakubali kwamba hoja hiyo ilimkaa akilini. Ameshuhudia watu wazima wakisimulia goli la dakika ya mwisho huku sauti zikiwakatika. "Mimi sikusema mpira uondolewe," anasema. "Nilisema mjomba asipigwe."

Wiki hiyohiyo binti yake alimtembelea nyumbani, na usoni alionekana hakuja kusalimia tu. Mumewe ameagiza visanduku vya kupimia muda, alisema, vinavyozima runinga vyenyewe dakika zikiisha. Vitafika mwisho wa mwezi. Mashine ya nne itageuzwa kuwa ya mpira, na kwa kuwa visanduku vinajipimia, chumba hakitahitaji tena mtu wa mlangoni. Mama apumzike, amefanya kazi vya kutosha.

"Mkwe wangu nilimwelewa, biashara ni biashara," anasema Mama Usiruke. "Lakini niliumia. Mashine ilishanitoa kitini mara moja. Nikaona inanifuata mpaka huku."

Hakulia mbele ya binti yake. Alimmiminia chai, akamsindikiza mpaka kona, akarudi ndani ndipo akalia. Dakika kama kumi, anakadiria. Kisha akaosha vikombe.

Asubuhi iliyofuata aliingia karakana ya Dole, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alimweleza kwamba amebakiwa na wiki tatu, na kwamba amechoka kuachwa njiani na hadithi za watu. Anataka kujua barua ya Koti ina nini kabla mashine haijaondolewa. Vidole vyake haviwezi kuvuka daraja, vya Dole vinaweza. Kiingereza cha Dole hakivuki salamu, chake kinavuka. Alikuwa na sharti moja, Dole asiruke hata neno.

Dole alizima mtambo wake, akainua kioo cha kujikinga macho.

"Sawa, mama," alimwambia. "Lakini ukikosea, jina langu linabaki pale ukutani na wewe unaniomba radhi mbele ya watu."

"Nikikosea, mwanangu, nitalipaka rangi ya dhahabu hilo jina," alijibu.

Ilipangwa Jumamosi saa nane mchana. Chumba cha viti kumi na viwili kiliingiza watu kama arobaini, na wa mashine za mpira waligeuza viti vyao wakaziacha timu zimesimama uwanjani. Dole alikaa mbele. Mama Usiruke alivuta kiti nyuma yake kidogo, upande wa sikio la kulia, akaanza kutafsiri. Kila mhusika alimpa sauti yake. Mara mbili dole gumba la fundi lilijongea lenyewe kuelekea kitufe cha kuruka, na mara mbili mama alikohoa.

Koti akavuka daraja. Ukungu ukafunguka na mzee wa taa akatokea, mbio kama siku zote.

"Mikono ilikuwa inataka kupiga," anasema Dole. "Miaka mitatu imezoea. Ilibidi padi niiweke mapajani, nisiishike kabisa."

Mtu mmoja nyuma akasema amsalimie mjomba wake, watu wakacheka. Mzee alifika, akasimama, akainua taa mpaka usoni mwa Koti. Akasema maneno machache. Chumba kizima kikamgeukia Mama Usiruke.

"Anasema, 'Umenijua. Nilikuwa naogopa hutanijua.'"

Hapo kicheko kiliisha. Dole anasema alianza kuhesabu kichwani ni mara ngapi amemchapa mzee yule, akaacha, kwa sababu idadi ilikuwa inatia aibu.

Mjomba na mpwa walipita msituni pamoja, na saa kumi na moja jioni wakafika kwenye chuma. Mzee alisogeza taa. Lango likapanda juu, zimazima, likamezwa na ukuta.

Kelele zilizotoka mle ndani zilimfanya mwenye duka la nakala adhani pameshika moto, akaja mbio na ndoo ya maji. Dole peke yake alikuwa bado ameketi, padi mkononi, akitazama kwa jicho la fundi pale lango lilipopotelea.

"Linapanda juu," alisema mwishowe. "Ndiyo maana halina bawaba. La kupanda juu sijawahi kutengeneza."

Jumatatu alikuja na chupa ya thina na tambara, akaifuta orodha, akianza na jina lake. Wale wengine thelathini hawakuulizwa. Baadhi yao walinuna, na mmoja alidai arudishiwe jina kwa sababu alishawaonyesha wakwe zake picha. Ukuta mpaka leo una doa jeupe kuliko sehemu nyingine, na Dole, mtengeneza mageti aliyeshindwa na geti, anaitwa Muua Mjomba mpaka sokoni.

Nyuma ya lango kulikuwa na mji mzima ambao hakuna mtu wa mtaa ule aliyewahi kuuona. Dole akawa anakuja kila siku saa kumi akishafunga kazi, anacheza saa moja, na watu wanasimama nyuma yake. Kila mmoja ana lake kuhusu barua. Fundi cherehani wa jirani anasema ni wosia. Wa duka la nakala anashikilia kwamba ni karatasi tupu. Mama Usiruke akiulizwa anasema yeye si mwandishi wa barua hiyo, wangoje.

Lakini mwezi haukungoja. Alhamisi ya mwisho, saa kumi na nusu, mkwe aliingia akiwa na boksi kwapani na bisibisi mfukoni. Alimsalimia mama mkwe wake kwa adabu. Wakaulizana hali ya nyumbani, hali ya watoto, hali ya vidole. Boksi halikutajwa.

Dole alikuwa katikati ya pambano, na kumwinua mtu kabla ya muda aliolipia si tabia ya mfanyabiashara. Mkwe akakaa kwenye kiti kilichokuwa karibu, boksi mapajani, angoje. Mama Usiruke anasema aliliona lile boksi na akaendelea kutafsiri.

Adui akaanguka. Mazungumzo yakaanza, na mjomba akamketisha Koti chini ya ngazi amweleze ni nani aliyeiandika ile barua. Siku hiyo Dole alikuwa na haraka, mteja wa geti alishampigia simu mara mbili. Dole gumba likajongea kwa mazoea tu, likafika juu ya kitufe.

"Usiruke."

Sauti haikuwa ya Mama Usiruke. Watu wakageuka. Mkwe alikuwa ameinama mbele, boksi limemteleza mpaka magotini, macho hayabanduki kwenye skrini. Alipogundua anatazamwa aliinamisha kichwa.

"Samahani, mama," alisema taratibu. "Endelea kututafsiria."

Hayo, anasema Mama Usiruke, ndiyo maneno ya kwanza ambayo mkwe wake amewahi kumwambia ana kwa ana kuhusu kazi. Alikunywa maji kwanza huku mjomba akisubiri kwenye skrini, kwa kuwa Dole, kwa mara ya kwanza maishani mwake, alisimamisha mazungumzo badala ya kuyaruka. Kisha akatafsiri: barua imeandikwa na mama wa Koti, kabla hajafa.

Mkwe alikaa mpaka muda wa Dole ulipoisha. Kisha akafunga kisanduku kwenye mashine ya kwanza, ya pili na ya tatu. Alipofika ya nne alirudisha bisibisi mfukoni, akaaga, akaondoka. Binti hakutumwa na ujumbe wowote. Wiki iliyofuata mkokoteni ulileta benchi refu la mbao, likawekwa nyuma ya mashine ya nne.

"Nilipoliona benchi nikajua nimebaki," anasema Mama Usiruke. "Nililikalia peke yangu kwanza, kulipima."

Mkwe si mjinga. Benchi linachukua watu wanane, na kila mmoja hulipa robo ya bei ya mchezaji. Saa ya Dole sasa inaingiza zaidi ya saa ya mashine yoyote ya mpira. Anasema kosa lake lilikuwa kuhesabu wachezaji bila kuhesabu watazamaji. Akiulizwa kama gemu inahitaji hadithi au uchezaji tu, anasema hayo akaulizwe mama. Yeye anachotaka kujua ni yule marehemu aliandika nini.

Dole naye hajabadili kauli yake yote. "Gemu ilikuwa tamu, ndiyo maana tuliicheza miaka mitatu bila kujua inahusu nini," anasema. "Niambie ni hadithi gani ungeisoma miaka mitatu hujui inahusu nini. Mkono kwanza." Kisha anaongeza kwamba hata hivyo, mlangoni kwa watu siku hizi hagongi mpaka aulize kwanza yule mzee wa ndani ni nani.

Barua itafunguliwa juu ya mnara wa mwisho, na mnara una mlinzi. Dole ameshindwa na mlinzi huyo mara kumi na moja. Hapo hadithi haisaidii, ni vidole tu, na benchi zima hukaa likimwombea vidole.

Kwenye mtoto wa meza wa Mama Usiruke kuna gemu nyingine yenye hadithi, bado iko kwenye karatasi yake ya plastiki. Hajaitazama hata kidogo, asije akajua mambo peke yake. Hiyo ni ya baadaye. Mpango wake wa kwanza ni mwingine, na ndio unaomwamsha mapema. Anataka kuvuka daraja kwa vidole vyake mwenyewe. Dole amejitolea kumvusha, dakika moja tu kazi imekwisha, naye amekataa.

"Yule mzee nimemsemea maneno yake mbele za watu mara nyingi," anasema. "Nataka siku moja ainue taa anitazame mimi. Nikivuka, hapo ndipo wataniandika ukutani. Kabla ya hapo asiandikwe mtu."

Asubuhi ya siku ya pili ya mahojiano haya, saa moja na nusu, komeo bado liko mlangoni. Mwandishi wa makala haya amekaa kwenye benchi. Vidole viwili vya shahada vinabonyeza. Koti anavuka ubao wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Wa tano unakatika.

"Wa tano leo," anasema Mama Usiruke, na hafichi furaha yake.

Anaanza upya, na gemu, kwa kuwa hajafika pa kuhifadhia alipoishia, inamrudisha mwanzo kabisa, kwenye zile dakika sita za mjomba kuaga. Mwandishi anapiga hesabu. Dakika hizo mama amezitazama zaidi ya mara mia na anazijua kwa moyo. Akiziruka, badala ya kujaribu daraja mara nne kila asubuhi angejaribu mara ishirini, na pengine wiki hii angekuwa ng'ambo. Mwandishi anamshauri hivyo.

Mama Usiruke anamtazama juu ya miwani. Ananyoosha mkono wenye baridi yabisi, anaongeza sauti ya runinga, na mjomba anapofungua kinywa, anaanza kumtafsiria mwandishi tangu neno la kwanza.